Turbo Niliyopewa na Mwanangu Mbele ya Watu

Jumamosi moja, kwenye mlima ule wa kutoka Mbaruk kwenda Gilgil, nilimkuta mwanangu wa kumzaa amesimama kando ya barabara.

Gari lake lilikuwa linafuka moshi kama tanuri la makaa. Boneti juu. Shati lake jeupe limeingia oili mpaka kwenye kola.

Alinipungia mikono yote miwili.

Nilipunguza mwendo. Nikashusha kioo. Tukaangaliana vizuri, macho kwa macho.

Halafu nikapiga honi mara moja, nikakanyaga mafuta, nikaenda zangu.

Najua kuna watakaonitukana hapo chini kwenye maoni. Tukaneni tu. Lakini someni kwanza mpaka mwisho, kwa sababu siku hiyo mimi mwenyewe nilidhani naijua hadithi yote, kumbe nilikuwa na nusu.

Naitwa Sitati. Baba yangu aliletwa Nakuru na reli, mimi nikafanya kazi kiwanda cha mablanketi mpaka nikastaafu. Shule sikuipata nikiwa mtoto. Nilisoma ngumbaru, jioni baada ya shifti, nimekunjwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yanagusa kidevu.

Wenzangu walienda kunywa busaa. Mimi nilienda kwa herufi.

Na nilipojua kusoma sikuachia hapo. Kiingereza nilijifunza kutoka kwa vitabu vya magari. Mpaka leo kitabu cha gari langu kiko kando ya kitanda, karibu na Biblia, na sioni aibu kusema ni kipi kimechakaa zaidi.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya turbo. Kijani.

Ndiyo. Mzee mwenye mvi na Subaru.

Vijana wa Nakuru wakinikuta kwenye taa wanashusha kioo. "Niaje mzee! Umeibia kijana wako gari?"

Nangoja taa.

Mke wangu alipofariki nilikaa kwa nyumba mpaka nikaanza kuzungumza na redio. Siku moja nikawasha gari nikaenda tu, bila pa kwenda, na nikasimama Longonot kunywa chai. Hoteli ndogo, karibu na stesheni ya reli. Mwenye hoteli alikuwa mjane anayeitwa Chepkosgei. Mwanamke mrefu, mpole, asiyecheka ovyo.

Chai yake haikuwa nzuri sana.

Nilirudi tu.

Nikawa narudi kila Jumamosi. Nilimweleza mambo mengi huyo mama. Jinsi injini inavyopumua. Jinsi kiwanda kilivyofungwa. Nilimfundisha hata kusoma saa ya joto ya gari. Yeye anasikiliza, anapanguza meza, anasikiliza.

Mwanangu Bethwel hakupenda.

Bethwel anauza bima. Ana nyumba Lanet, zile mpya za ukuta wa mawe, ana mke anaitwa Winrose, na ana Forester kama yangu, mwaka ule ule, ila yake ni nyeusi. Tulizinunua pamoja. Mimi ndiye niliyemchagulia.

"Baba, watu wanacheka," aliniambia.

"Wanacheka nini?"

"Huyo mama anataka shamba lako la Rongai. Ukimuoa, sisi tutaenda wapi?"

"Wewe si uko na nyumba?"

Akaangalia gari langu pale nje. Akasema polepole, kama mtu anayesoma bei: "Shida ni hiyo gari. Bila hiyo gari wewe ni mzee tu wa kukaa kwa veranda."

Maneno hayo niliyameza yakashuka mazima mazima.

Halafu nikaomba rasmi. Nilituma ujumbe kwa ndugu za Chepkosgei, nao wako Rongai. Mkubwa wao, Kipkirui, ni mtu wa msimamo. Alinijibu kwa simu: "Mzee, kuja Longonot Jumamosi hii, sisi tutakuwa huko kwa dada. Lakini nakuambia mapema. Mimi nafunga duka kwa ajili yako. Ukikosa siku hiyo, usitafute ingine."

Hapo ndipo palikuwa na uzito wote. Nifike Jumamosi, nina mke. Nisifike, nina veranda.

Sasa turbo.

Miezi kabla ya hapo nilikuwa natafuta turbo ya kubadilisha. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, inapiga filimbi kama birika. Na nilitaka nguvu kidogo zaidi ya ile ya kiwandani. Kidogo tu, ya kupita lori mlimani bila kuomba msamaha.

Bethwel, ambaye siku zote nikizungumza magari anaangalia simu, ghafla akaanza kuuliza.

"Baba, hebu nieleze. Kwani si turbo ni turbo?"

Nilifurahi. Mtu aliyesoma ngumbaru akiulizwa swali na mwanawe aliyesoma chuo kikuu, hufurahi.

Nikamweleza. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini. Ndogo inaamka haraka lakini pumzi yake ni fupi. Kubwa inachelewa kuamka, halafu ikiamka inakuja kama ng'ombe aliyekata kamba. Na huku kwetu juu, hewa ni nyepesi, turbo inazunguka zaidi kupata hewa ile ile, kwa hiyo huchagui kwa kusoma tu namba za watu wa Japani. Mimi nilitaka ya katikati, iliyotoka kwa Subaru yenye nguvu zaidi, na kompyuta ya gari ipangwe upya iendane nayo.

"Na ile kubwa kabisa?" akauliza. "Nikiweka hiyo, nini kinatokea?"

"Hewa inakuwa nyingi. Hewa nyingi inataka mafuta mengi. Ukibadilisha nozeli za mafuta, pampu na kompyuta, sawa. Usipobadilisha, kompyuta haijui kuna mgeni. Mafuta ni yale yale. Moto unakuwa mkali kuliko chuma."

"Gari inazima saa hiyo hiyo?"

"La. Mjini itakuja vizuri tu, tena tamu. Itakufa mlimani, ukiikanyaga muda mrefu. Pistoni zinapasuka."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

"Mlima kama ule wa Gilgil?"

"Ule ule."

Kumbukeni swali hilo.

Jumapili kabla ya siku yangu ya Longonot, Bethwel aliniita Lanet kwa chakula. Siku yangu ya kuzaliwa, akasema. Nilikuta watu wa kanisa, majirani, akina mama wa chama cha Winrose, kiwanja kimejaa viti vya plastiki.

Baada ya kula akasimama. Akasafisha koo.

"Baba yangu amejinyima ili mimi nisome. Leo nataka kumrudishia mkono."

Akaleta kisanduku kimefungwa utepe. Winrose akainua simu kupiga video. "Dad, angalia huku! Tabasamu!"

Nikafungua.

Ilikuwa turbo mpya, ganda lake limepakwa rangi nyekundu, inang'aa. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akasema, "Watoto kama hawa wamebaki wachache."

Nikaigeuza mikononi. Nikasoma namba yake.

Ilikuwa ile kubwa kabisa. Ile ile niliyomweleza.

Nikainua macho. Bethwel alikuwa anatabasamu, lakini jicho halikutulia.

"Asante," nikasema. "Na nozeli? Na kompyuta?"

"Usijali, Baba. Nimeshaongea na fundi Khaemba. Atamaliza kila kitu. Wewe peleka tu gari, uache, urudi jioni."

Uache.

Mtu wa Nakuru anayejua magari haachi gari gereji. Ukiacha, unarudi unakuta limefungwa vizuri, limeoshwa, na nusu ya vitu vyako imehamia kwa gari la mwingine. Kwa hiyo unabeba stuli. Unakaa pale mbele ya boneti, mchana kutwa, unakula mandazi ya vumbi, na unahesabu kila nati inayotoka. Mimi nina stuli yangu. Bethwel ameiona tangu akiwa mtoto. Yeye mwenyewe haketi; anasema ana kazi, anarusha ufunguo, anaita pikipiki.

Kwa hiyo aliposema niache, nilijua.

Nikakumbatiana naye. Watu wakapiga makofi tena.

Kesho yake asubuhi nilifika kwa Khaemba, kule nyuma ya maghala ya nafaka. Nikatoa stuli. Nikakaa.

Khaemba akapanguza mikono kwa kitambaa, akaendelea kuipanguza hata baada ya kuwa safi.

"Mzee, si uende tu ukapumzike? Hii ni kazi ya siku nzima."

"Nimepumzika."

"Jua ni kali."

"Nina kofia."

Akachukua spana. Akaiweka chini. Akachukua nyingine.

"Khaemba," nikamwambia, "umeambiwa uweke turbo pekee, au na nozeli?"

Akaangalia geti.

"Na kompyuta umeambiwa uiguse?"

"Mzee, usiniangalie hivyo. Mimi niko na watoto."

"Mimi pia nilidhani niko na mmoja."

Akakaa chini kwenye tairi kuukuu, akamwaga yote. Bethwel alimwambia afunge turbo kubwa peke yake, asiguse kitu kingine, afunike vizuri, na akiulizwa aseme kila kitu kimefanywa. "Alisema hakuna mtu ataumia, mzee. Ati gari izime tu Jumamosi. Ati ni mambo ya familia."

"Umelipwa?"

"Nimelipwa."

"Basi fanya kazi uliyolipwa."

Akashtuka. "Kwa gari yako?"

"Mwanangu analeta yake lini kwa sevisi?"

Khaemba akaniangalia. Nikaona akili yake ikizunguka, halafu ikafika.

"Alhamisi," akasema. Halafu akatikisa kichwa. "La, mzee. La. Hiyo siwezi."

"Kwangu uliweza."

Akaokota nati chini, akaifuta.

"Chagua, Khaemba. Uifunge Alhamisi, au kuanzia kesho nakaa na stuli yangu hapo kwenye geti lako. Kila mteja akiingia namwamkua vizuri na kumweleza kinachotokea kwa gari likiachwa hapa. Mimi nimestaafu. Nina muda mpaka nife."

Akaifunga Alhamisi.

Langu nililifungia turbo niliyoichagua mwenyewe, ile ya katikati. Nilikaa kwenye stuli mpaka nati ya mwisho. Kompyuta ikapangwa. Nilipotoka pale gari liliniitikia kama kijana aliyelala vizuri.

Bethwel alirusha ufunguo Alhamisi asubuhi, akaita pikipiki. Jioni akachukua gari. Boneti hakuifungua. Hajawahi kuifungua.

Ijumaa alinipigia simu.

"Baba, umeonaje zawadi?"

"Tamu. Inakuja kama ng'ombe."

Akacheka. "Hata yangu leo sijui Khaemba ameifanyia nini. Sevisi ya jana imeingia! Inavuta kama ndege."

"Khaemba anajua kazi," nikasema.

Jumamosi nilivaa suti. Nilitoka Nakuru asubuhi, nikapita Lanet, na kwenye kioo nikaona Forester nyeusi ikitoka barabara ya pembeni. Ikajipanga nyuma yangu.

Nilijua anachokifanya. Alitaka awepo ninapozimika. Mtoto mwema, aliyepita tu kwa bahati, amsaidie baba yake.

Baada ya Mbaruk barabara inaanza kupanda. Bethwel akatoka nyuma yangu, akaja kando, akashusha kioo. Akanipungia mkono kwa dharau, ile ya kuita mtu barabarani.

"Baba! Si ulisema ni ng'ombe? Hebu tuone!"

Akanipita.

Ananijua. Anajua kwamba tangu nizaliwe sijavumilia kupitwa. Alitaka nimfukuze, nikanyage mpaka chini, mlima mzima, mpaka pistoni zipasuke.

Mimi nikabaki na mwendo wangu.

Yeye akaona sifuati. Akadhani naogopa, akazidi kukanyaga ili anichokoze. Nilimwona akipanda, akapita lori, akapita lori lingine, gari linavuta kama ndege. Halafu moshi. Wa bluu kwanza, kisha mweupe, kisha akapotea ndani yake.

Sasa mmerudi pale nilipoanzia. Nilishusha kioo. Nilimwangalia. Nyuma yake, kati ya moshi, niliona kitu chekundu kikichungulia chini ya boneti, na nikaona kwamba na yeye amekiona.

Honi. Mafuta. Gilgil.

Nawaambia ukweli, kutoka Gilgil mpaka Longonot niliimba. Nyimbo za kanisa, nyimbo za tohara, zote.

Nilifika Longonot jua likiwa halijakaa katikati. Viti vilikuwa vimepangwa nje ya hoteli. Kipkirui na ndugu zake wawili walikuwa wamekaa na makoti yao, kibuyu cha maziwa ya mursik mezani. Kila kitu kilikuwa kinaningoja.

Nikaegesha kando, karibu na jiko. Chepkosgei akatoka na trei ya vikombe.

Akaniona. Akasimama.

Hakunitazama mimi. Alilitazama gari. Alilitazama kama anayemwona mtu aliyezikwa jana amerudi kuomba chai.

"Hili gari," akasema, sauti chini, "limefika hapa namna gani?"

Nikacheka. "Kwani ulitaka lifike namna gani?"

Simu yake ikalia kwenye mfuko wa aproni. Akaikata. Ikalia tena. Akaitoa aizime, na kidole kikateleza. Sauti ikatoka wazi, na upepo wa barabara ndani yake.

"Mathe! Mzee amefika huko? Sikiza, mambo imeharibika, si yake imezima, ni yangu..."

Sauti ya mwanangu.

Chepkosgei akakata simu. Tukabaki tumesimama, mimi na suti yangu, yeye na trei yake.

"Unamjua Bethwel?" nikauliza. Swali la kijinga. Lakini mdomo ulikuwa umeshalitoa.

"Alikuja hapa mara mbili," akasema Chepkosgei. "Mara ya kwanza alikuja kunitusi."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilimwita mimi."

Nikashika mlango wa gari. Chuma kilikuwa bado moto.

"Ndugu zangu wamekubali, mzee. Mimi hawakuniuliza. Nikikataa mbele yao, nimewaaibisha, na nyumba yao ndiyo nyumba pekee nitakayorudi nikikosa hii hoteli. Lakini usipofika, ni wewe umekosa. Inaisha bila mtu kugombana na mtu. Nilimwambia kijana wako, usimguse baba yako. Gusa gari."

"Ungeniambia mimi."

Akaweka trei chini kwenye ukuta wa jiko. Aliiweka kwa utaratibu, vikombe visigongane.

"Nilikuambia," akasema. "Wakati wa mvua, umekaa meza ile ya dirishani. Nilikuambia sitaki mume tena, nilizika mmoja inatosha. Unakumbuka ulifanya nini?"

Sikukumbuka.

"Ulinieleza kwa nini nimekosea kufikiri hivyo. Ulieleza mpaka chai ikapoa. Halafu ukatuma ujumbe kwa ndugu zangu."

Sitasema alikosea. Sitasema alisema kweli. Nasema alisema, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikisikia, na safari hii sikuwa na la kumfundisha.

"Mzee wa Subaru!" Kipkirui akaita kutoka kwenye viti. "Umeshika saa kama mzungu! Kuja, kuja tukae!"

Nikaenda.

Nilipewa mursik. Nikainywa yote, nimesimama, kwa sababu sikulelewa kukataa maziwa ya mtu. Nikarudisha kikombe.

"Keti, mzee."

"Siketi, Kipkirui. Ulinipa siku, nimeishika. Nimekuja mwenyewe, kwa gari langu, mchana, kuwaambia kwamba siji tena."

Ndugu mdogo akaangalia kibuyu.

Kipkirui akasimama pole pole. Ni mtu mkubwa. "Nimefunga duka. Nimetoka Rongai na hawa. Dada yetu amekukosea nini?"

Ningeweza kusema hajanikosea. Lilikuwa neno dogo tu, na lingemwokoa.

"Muulizeni yeye," nikasema.

Wote watatu wakageuka. Chepkosgei alikuwa mlangoni mwa jiko, trei mkononi tena. Alikuwa amepata alichokitaka, kila tone lake. Hakuonekana kama mtu aliyepata kitu.

Nikaondoka. Sikuimba.

Bethwel nilimkuta pale pale mlimani, amekaa kwenye jiwe. Moshi ulikuwa umekwisha. Malori yanampita yakimrushia vumbi na matusi.

Nikageuza gari. Safari hii nikasimama.

"Nimepigia Khaemba," akasema bila kuinua kichwa. "Hashiki."

"Hatashika."

"Hiyo turbo nyekundu iko kwa gari yangu, Baba."

"Najua."

Akafungua buti. Akatoa kamba ya kuvutia gari, mpya kabisa, bado iko kwenye plastiki yake.

"Hii ulinunua lini?" nikauliza.

"Jana."

"Ya nini?"

Akapasua plastiki kwa meno.

"Ya kunivuta mimi?"

"Eeh."

Alifunga ncha moja kwake, nyingine kwangu. Halafu akaniuliza, akiwa bado ameinama: "Amekuambia?"

"Ameniambia."

"Baba, mimi nilikuwa nataka tu..."

"Shika usukani."

Nikamvuta, tukageuka palipo na nafasi. Kushuka Mbaruk, taratibu, taa za hatari zikiwaka, kila gari linatupigia honi. Mwanangu nyuma yangu kwenye kioo, mita chache tu, tumeunganishwa na kamba aliyoninunulia.

Tulipofika geti lake Lanet nilidhani nimemaliza kushangaa siku hiyo.

Geti lilikuwa wazi. Ndani walikuwepo watu. Akina mama wa chama, mzee wa kanisa, majirani wale wale. Sufuria ziko jikoni, chapati zinanuka mpaka barabarani.

Na kwenye veranda palikuwa na kiti. Kipya. Cha kuegemea, cha mbao, na mto wa kitambaa cha maua, na kigoda kidogo cha kuwekea miguu.

Kiti changu.

Walikuwa wamekaa kuningoja. Nije nikivutwa, nimevunjika moyo, nipokewe kwa pole na chapati, nikalishwe pale. Kila mtu alikuwa amepangiwa neno lake la kunifariji. Mzee wa kanisa alikuwa tayari ameshafungua mdomo.

Kumbe Bethwel hakuwapigia simu. Waliona gari la kijani likiingia likivuta jeusi. Mdomo wa mzee wa kanisa ukabaki wazi hivyo hivyo.

Nikashuka. Nikamfungulia mwanangu mlango. Nikamshika mkono, kama nilivyokuwa nikimshika akienda darasa la kwanza, nikampandisha ngazi za veranda na suruali yake ya oili.

"Keti."

"Baba, tafadhali. Watu."

"Keti."

Akaketi. Nikamwinulia miguu, nikaiweka kwenye kigoda.

Kisha nikawageukia.

"Winrose, mbona hupigi video leo?"

Winrose akaficha simu nyuma ya mgongo.

"Na nyinyi," nikasema, "Jumapili mlijua sana kupiga makofi. Pigeni basi."

Hakuna aliyepiga. Mama mmoja alianza kulia. Bethwel alikuwa amefunika uso, mabega yanaruka, mtu mzima, kwenye kiti cha babake. Nilifungua kamba, nikaikunja vizuri, nikaiweka mapajani mwake, na nikaenda nyumbani.

Khaemba alihama gereji. Shamba la Rongai bado ni langu na sijaandika jina la mtu. Longonot nasikia hoteli imefungwa, na kwamba Kipkirui alimrudisha dada yake nyumbani. Sijaenda kuuliza.

Mnaoniandikia kila wiki kwenye ukurasa huu mkiuliza mchague turbo gani, jibu langu ni hili. Namba zisomeni, ndiyo, na mlima mnaoupanda muujue. Lakini kitu mtu anachokuletea kimefungwa utepe, muulize kwa nini amechagua hicho. Na anayekuambia hataki, msikie mara ya kwanza, kabla hajatafuta fundi.

Turbo yangu haijanisumbua mpaka leo. Nilichagua vizuri. Kila Jumamosi naosha gari, navaa koti, napanda ule mlima na halikohoi hata kidogo.

Nikifika Gilgil, nageuza.